Nilivyomfuata Kavira Hadi Kwenye Mawe ya Siku Ndefu

Wenzangu wa meza za samaki, tangu nirudi mmeniuliza mengi. Mama Riziki aliuliza kama Ulaya baridi inauma hata mwezi wa sita. Mama Furaha aliuliza kama nilipata fufu ya muhogo. Lakini wote macho yenu yalikuwa yanauliza jambo moja: ulimwona Kavira, na kwa nini umerudi peke yako? Nimekuwa najibu nusunusu, maana pale sokoni mteja akifika maneno yanakatika. Leo mvua imenifungia nyumbani, basi naandika yote kama yalivyofuatana. Mama Riziki atawasomea wale ambao miwani yao imevunjika.

Mambo ya makaratasi nayaruka. Mlinivumilia miezi yote ile nikilia juu ya makaratasi, mnayajua kuliko mimi.

Kwa wale walioingia kikundini juzijuzi, niseme kwanza kwamba mama yetu, Mbambu, alizaa wasichana wawili tu, mimi Masika na mdogo wangu Kavira. Kavira alikwenda Ubelgiji kusomea uuguzi akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ni miaka ishirini na miwili. Mama alipokufa, mji ulikuwa kwenye vita, uwanja wa ndege umefungwa, simu zinashika na kuachia. Tulimzika haraka, vijana wakivunja mawe kwa vyuma vya baramini tangu alfajiri ili kupata shimo la kumtosha. Siku ya tatu ndipo nilimpata Kavira kwenye simu. Nikamwambia, "Mama ametuacha." Akasema, "Sawa, Yaya," kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. Akakata. Hakupiga tena kwa wiki mbili, na alipopiga aliuliza habari za watoto wangu tu.

Hilo neno "sawa" nilikaa nalo zaidi ya mwaka. Nilikuwa na hamu ya kumwona mdogo wangu mpaka nikimwona msichana yeyote mwenye shingo ndefu sokoni namfuata hatua mbili tatu. Na chini ya hamu hiyo kulikuwa na hasira ambayo sikumwonyesha mtu, hata ninyi.

Goma hadi Kigali

Nilivuka mpaka wa Petite Barrière kuingia Rwanda asubuhi, katikati ya akina mama wa karoti na vitunguu, na valizi yangu juu ya kichwa kwa sababu magurudumu yake yaligoma kwenye mawe. Nilikuwa nimevaa ile nguo ya kitenge cha kijani mliyonichangia. Gisenyi nikapanda basi, nikakaa karibu na mama mmoja kijana wa Rutshuru aliyekuwa anapeleka mtoto Kigali kuonwa mguu.

Hatujafika hata kwenye kona za kwanza, akanigeukia uso umekuwa wa majivu.

"Mama, unishikie mutoto kidogo. Hii njia inanizungusha kichwa."

Nikamshika. Ile "kidogo" ilikwisha Kigali. Kabla ya Musanze lori la viazi lilikuwa limelala katikati ya barabara, na viazi vimejaa lami yote. Tulikaa pale muda wa saa tatu. Wanaume wa basi waliteremka kusaidia kuvikusanya, wanawake wakanunua mahindi ya kuchoma, na mimi nilikuwa na mtoto wa watu kifuani, amelala, mkono wake umeshika mkufu wangu kama ni wa kwao. Mama yake alikuwa amekaa kwenye nyasi anapunga hewa.

"Unaenda wapi na ile valizi yote?" aliniuliza.

"Kwa mudogo wangu, Ulaya."

"Ni wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Ah, basi atafurahi sana kukuona!"

"Sijue," nilisema. Jibu hilo lilinitoka bila kulitafuta, nikaona aibu, nikaanza kumtikisa mtoto ambaye hakuwa analia.

Kigali nilimrudisha mtoto kwa mama yake. Nguo ya kijani ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni hadi gotini. Nikapanda ndege hivyo hivyo.

Siku nzima Addis Ababa

Ndege ya Kigali ilichelewa, na tulipofika Addis Ababa ile ya kunipeleka Brussels ilikuwa imeshaondoka. Wakanipa karatasi nyingine na kuniambia ningoje. Karatasi ilisema saa ishirini. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikihesabu vidole, maana kichwa kilikuwa kimechoka, na nilianza kuogopa kwamba ndege hii nayo itaniacha.

Kulikuwa na mwanamke wa kufagia, mtu wa umri wangu, kitambaa cheupe kichwani. Hatukuwa na lugha moja. Nikamwonyesha karatasi, nikagonga mkono mahali pa saa. Akaitazama, akaniinulia vidole viwili. Akaonyesha dirisha, akafanya na mkono wake jua linazama, kisha tena vidole viwili.

Saa mbili ya usiku! Kumbe wale watu wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua. Sijui kwa nini jambo dogo hilo lilinifurahisha namna ile. Nilimshika mikono yote miwili, akacheka, nikaona lazima nimpe kitu. Nikafungua mfuko, nikatoa samaki mmoja wa Vitshumbi, wale wakavu wa moshi, nikamnyooshea.

Akarudi nyuma. Akaweka mkono mdomoni, akafanya ishara ya msalaba, akatikisa kichwa. Nikabaki na samaki mkononi kama niliyemwonyesha shetani. Niliumia. Nilimwona akiendelea kufagia mbali, mara kwa mara ananitazama.

Baada ya muda alirudi na sahani, ule mkate wao mkubwa mwembamba wenye uchachu, na dengu juu. Akaiweka mapajani mwangu, akaenda. Bwana mmoja Mrundi aliyekaa nyuma yangu alikuwa ameona yote. Akaniambia, "Mama, usikasirike. Wako kwenye mfungo wa kanisa lao. Hakudharau samaki wako, alikuwa anakuambia amefunga."

Nilikula ule mkate wote. Unafanana na fufu iliyolala, lakini ukizoea unataka mwingine. Nilimtafuta yule mwanamke ili nimrudishie sahani, nikakuta zamu yake imekwisha.

Brussels, na treni iliyojigawa

Samaki wangu hawakwenda mbali. Brussels mbwa mmoja mdogo mwenye masikio marefu alipita kwa watu wote, akaja kukaa mbele ya valizi yangu, akanitazama kwa heshima kabisa. Askari mwanamke akafungua, akawatoa samaki mmoja mmoja, wote, hata yule niliyemfunga ndani ya sweta. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba mdogo wangu hajala samaki hawa miaka ishirini na miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini samaki walikwenda. Aliniachia unga wa muhogo na kikwembe cha Mama. Kikwembe hicho ndicho nilichokuwa nimekibeba hasa, kile kitenge cha bluu chenye ndege, alichovaa mwaka wake wa mwisho.

Kavira hakuja kunipokea. Alikuwa ameandika: *Niko kazini, Yaya, panda treni, badilisha Liège.* Nilisoma ujumbe huo mara nyingi. Miaka ishirini na miwili, na niko kazini.

Basi nikapanda treni, nikabadilisha Liège kama alivyosema. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kule treni inaweza kukatwa vipande viwili njiani, kichwa kiende huku, mkia uende kule. Nilikuwa nimekaa mkiani. Mwanamke mmoja mzee wa Kimoroko ndiye aliyeona karatasi yangu, akapiga kofi paji la uso wake. Tukashuka pamoja kwenye kituo ambacho hakikuwa na mtu hata mmoja, akachukua simu yangu, akampigia Kavira akamgombeza kana kwamba ni binti yake: unawezaje kumwachia dada yako treni hii? Aliniacha tu baada ya kunikalisha ndani ya treni ya kurudi, akamwagiza na kondakta.

Nilifika saa nne nzima baada ya saa tuliyopatana. Kituo kidogo, maua kwenye debe, milima ya miti myeusi nyuma. Kavira alikuwa amesimama peke yake na nguo zake nyeupe za kazi. Nywele zake fupi zimeingia mvi. Ile shingo ilikuwa ni ile ile.

Tulishikana. Sijui muda gani. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Kigali na sikupata hata moja.

"Yaya, umezeeka," alisema.

"Na weye?"

"Miye nilizeekea huku. Hakuna mutu wa kuniona."

Kiswahili chake kilikuwa kimebaki na miaka kumi na tisa. Alisema maneno ya mtaani ya wakati ule, yale ambayo hata sisi tumeshayasahau, na kila nilipoyasikia nilitaka kucheka na kulia.

Nyumba ya Kavira

Anakaa juu ya duka la mikate, vyumba viwili, kila kitu kimekunjwa vizuri. Alinipikia viazi na kuku. Nikamwambia tungoje kidogo, tule giza likiingia, kama kwetu. Tukazungumza. Aliuliza habari za watoto, za ninyi, za bei ya makaa, za volkano, kama barabara ya Munigi bado ina zile nyumba za mbao. Kila nilipoanza kusema "Mama," alisimama kuchukua kitu jikoni. Jua lilikuwa bado linapiga kwenye friji yake. Tumbo likaanza kuniuma kwa njaa.

"Hili jua lenu halizami?"

"Yaya, ni saa tatu na nusu ya usiku."

Sikuamini mpaka alipogeuza simu nikaona. Alicheka, na kwa kicheko hicho tu nilimwona mdogo wangu. Akaniambia kwamba kesho ndiyo siku ndefu kuliko zote za mwaka, na kwamba hapo karibu kuna mawe ya watu wa zamani sana, na watu hukusanyika kulisindikiza jua.

"Twende pamoja?" nikauliza.

"Tutaenda. Ila nitakuwa kazini. Nabeba wazee wa nyumba yetu, wanapenda kwenda. Kuna mama mumoja, Madame Odile, yeye bila miye haendi."

Nilikuwa nimesafiri siku tatu.

Chumba alichonipa hakikuwa na pazia zito. Nilipofunga macho mwanga uliingia hata kupitia kope. Mwisho nikainuka, nikachukua kikwembe cha Mama kwenye valizi, nikakitundika dirishani, nikalala.

Asubuhi Kavira alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Mara nikasikia viatu vinapanda ngazi mbiombio. Alisimama mlangoni anahema. Alikuwa amefika barabarani, akageuka kuangalia dirisha langu, akakiona.

"Ile kikwembe..."

"Ni ya Mama. Nilikuletea."

Alitazama tu. Hakuingia, hakukigusa. Alisema, "Nitachelewa," akashuka tena, na mimi nikabaki kitandani nikiwa nimekasirika kuliko nilivyotoka Goma. Nilijiambia: huyu hana machozi. Ulaya imeyakausha.

Kwenye mawe

Alasiri nilipanda nao kwenye basi dogo la nyumba ya wazee, mimi, Kavira, wazee sita, na dereva. Madame Odile alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, ana miaka tisini na moja. Kavira alikuwa amemfunga skafu ya njano. Njia nzima alikuwa akigeuka kuiweka sawa.

Mawe yako ndani ya majani, juu ya kijiji. Msifikiri ni mawe kama yetu, meusi, yaliyotapikwa na mlima. Haya ni mapana, ya kijivu, kila moja kubwa kuliko kibanda cha samaki, na watu waliyaburuta na kuyasimamisha wakati ambao hakuna mtu aliyekuwa amejua chuma. Mengine yamesimama peke yake. Mengine wameyapanga yakawa nyumba ndefu nusu ardhini, na jiwe moja kama paa. Nikamwuliza dereva ni nyumba ya nani.

"Ni kaburi, Madame. Walikuta mifupa ndani."

Nikatazama kote. Watu labda mia tatu, mashada ya maua vichwani, moshi wa soseji, bia, watoto wanakimbia kati ya mawe, ngoma zinapigwa na wazungu wenye ndevu. Juu ya kaburi. Mmoja wao aliponiona akanijia na tabasamu kubwa, akaniwekea ngoma mikononi.

"Bwana," nilimwambia, "mimi nauza samaki."

Alifikiri ni utani. Ilibidi nipige mara mbili tatu ndipo akaridhika kwamba nasema kweli.

Nikaenda kukaa kwenye benchi na nikamwangalia Kavira. Alikuwa amempigia Odile magoti kwenye majani. Alimkatia soseji vipande vidogo kabisa, akavipuliza, akamlisha. Akamfuta kidevu. Akamvua soksi, akamsugua miguu taratibu, kidole kwa kidole, kwa sababu ilikuwa imevimba. Na mimi niliyeyaona yote hayo, nilikuwa nakumbuka miguu ya Mama ilivyovimba, na mikono iliyoisugua ilikuwa yangu tu, miezi saba. Nikainuka.

"Kavira. Huyu unamusugua miguu."

Aliinua uso.

"Na Mama? Nilikuambia Mama amekufa, ukaniambia *sawa*. Sawa! Kama mutu anauliza bei! Ukakata simu. Kumbe huku uko na mama mwingine."

Nilisema kwa sauti. Wale waliokaa karibu hawakuelewa maneno lakini waliacha kutafuna. Kavira alikuwa bado ameshika mguu wa yule mama.

Ndipo Madame Odile akaniangalia, macho meupe kidogo, akamwuliza Kavira kwa Kifaransa, "Huyu ni Masika?"

"Ndiyo, Madame Odile. Ni yaya yangu."

Yule mama akaninyooshea mkono. Nikaupokea kwa sababu huwezi kumnyima mzee mkono. Akasema, "Umetoka mbali. Na Mbambu, anaendeleaje? Miguu yake imepungua?"

Jina la mama yangu. Kutoka kinywani mwa mzungu ambaye sijawahi kumwona, katikati ya majani, na alilitamka vizuri.

Nikamgeukia Kavira. Uso wake ulikuwa umeanguka. Akaniambia kwa Kiswahili, haraka, kwa sauti ya chini:

"Yaya, sikiliza. Siku ile uliniita nilikuwa kazini, ndani ya chumba chake. Nilisema sawa, halafu sikukata, simu ilianguka. Miye pia nilianguka. Huku hakuna mutu anakuja kukaa na weye kwa kilio. Banakupa siku mbili, banakuambia pole kwa karatasi. Huyu njo mwenye alikaa na miye. Alisema nilete kiti, nikae chumbani kwake. Siku tatu. Alikataa kula mupaka nikule. Nilimuelezea Mama yote, kutoka utoto. Halafu kichwa chake kikaanza kupotea. Anasahau hata batoto yake. Lakini Mama hamusahau. Kila asubuhi ananiuliza: Mbambu anaendeleaje? Mara ya kwanza nilimuambia amekufa, akalia kama ni leo. Kesho yake akauliza tena. Sikuweza kumufanya alie kila siku, Yaya. Nikaanza kumuambia iko muzuri. Ni mwaka sasa. Kila asubuhi naamka, naenda kazini, nasema Mama iko muzuri. Na wakati nasema, iko muzuri kweli. Halafu leo naona kikwembe chake kwa dirisha."

Madame Odile alikuwa bado ameshika mkono wangu, anangoja jibu.

Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa nimeubeba kutoka Goma hadi pale, nilistahili kuusema. Niliangalia ule mkono mwembamba, mishipa yake ya bluu. Mtu aliyekaa kilio na mdogo wangu siku ambazo sisi hatukuweza kufika.

"Anakusalimia," nilisema. "Miguu imepungua. Haimuumi tena."

"Ah," alisema yule mama. "Nilimwambia Kavira itapungua."

Kavira ndipo alipolia. Si kulia kwa Ulaya, kwa kitambaa. Alilia kilio cha kwetu, kwa sauti, ameketi chini miguu imenyooka, mikono kichwani, "Mama ee, Mama ee," na mimi nikaketi karibu naye nikalia naye, kwa sababu kilio cha Goma nilikuwa nimekifanya nikiwa na kazi ya kupika na ya kupokea watu, sikuwa nimelia hata mimi.

Ngoma zilisimama. Mwanamke mmoja mwenye shada la maua akaja taratibu, akatuwekea mikono mabegani, akasema kwa sauti ya huruma kwamba ni mawe, mawe haya yana nguvu, kila mwaka kuna mtu yanamshika hivi. Kavira akatazama shada lake, akanitazama mimi, na katikati ya kamasi na machozi tukaanza kucheka. Yule mama hakukasirika. Alileta blanketi. Mwingine akaleta bia mbili na soseji, akaviweka mbele yetu bila neno, akarudi nyuma, na hapo nikaona kwamba hata kama hawakujua wanachofanya, walikuwa wanafanya kinachotakiwa.

Tulikaa pale mpaka karibu saa nne ya usiku, jua likiwa bado linatutazama. Nilimweleza Kavira yote. Jinsi Mama alivyoacha kula, jinsi shimo lilivyokuwa gumu, nani alikuja na nani hakuja. Akaniuliza Mama alisema nini mwishoni. Watu hupenda kuulizwa hivyo wawe na neno kubwa la kujibu. Sikuwa nalo.

"Aliuliza kama tumefungia kuku."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Ila kila asubuhi alikuwa ananiuliza: kwa Kavira kumekucha?"

Jua liliposhuka nyuma ya jiwe la mwisho watu wote walisimama kimya, hata watoto, kisha wakawasha moto. Madame Odile alikuwa amelala na skafu yake. Kavira alimsukuma hadi kwenye basi, na safari hii mimi ndiye niliyebeba soksi na viatu vyake.

Kurudi

Nilikaa wiki tatu. Asubuhi Kavira alipokwenda kazini nilikuwa nakwenda naye mara nyingi, nikawa nakaa na Madame Odile namjibu habari za Mbambu. Nilimweleza hata samaki walivyopanda bei.

Siku ya kuondoka, kituoni, nilimwuliza Kavira lile swali lenu.

"Utarudi nyumbani?"

Alifikiri. Nilimshukuru kwa kufikiri.

"Yaya, sitakudanganya. Kutembea, nitakuja. Kukaa, sijue tena kukaa kule. Na huku pia sijue vizuri. Nilijifunza tu kuamka."

Alikuwa amejifunga kikwembe cha bluu juu ya suruali yake. Treni iliposogea aliifuata mpaka mwisho wa saruji. Niliangalia ile shingo mpaka kona.

Njia ya kurudi haikuwa na cha kusimulia. Ndege zote zilifika kwa saa yake, barabara ya Musanze ilikuwa wazi, barrière walinipitisha bila kuniuliza. Safari ikiwa haina kizuizi ndipo unasikia umemwacha nani.

Kutoka sokoni hadi kwa Mama

Jumapili ya pili, mnakumbuka, niliwaachia meza mapema. Kavira alikuwa amepiga. Mtandao ulikuwa dhaifu, picha haikukubali, sauti tu.

"Yaya, unaenda kwa Mama leo?"

"Naenda."

"Unibebe. Usikate. Uniambie kila pahali unapita."

Basi nilitembea na simu sikioni kama mwendawazimu. Nikamwambia niko kwenye mzunguko, chukudu mbili, zile baiskeli zetu za miti, zinapita na mbao. Akasema, "Pale kona kulikuwa mama wa mandazi." Nikamwambia sasa ni duka la simu. Nikamwambia napita kanisa, wanatoka misa, wasichana wamevaa viatu vyekundu. Nikamwambia hapa ndipo lava ilipofika mara ya mwisho, nyumba ya shangazi iko chini yake, lakini juu yake tayari kuna mtu amejenga na ana maharage mlangoni. Akaniuliza kama mlima unaonekana. Nikamwambia una wingu. Akauliza mawe yanaumiza miguu? Nikamwambia vua viatu ujaribu, akacheka, kisha nikasikia kweli anavua, kule kwake, kwenye sakafu ya juu ya duka la mikate.

Kuelekea Munigi njia inapanda. Nilinyamaza kidogo kupumua, akasema, "Yaya? Bado uko?" Nikamwambia niko, napita mti, nageuka kushoto, safu ya tatu, ya nne.

"Nimefika," nikasema. "Ni hapa."

Nilichuchumaa, nikaweka simu juu ya mawe, karibu na msalaba, nikarudi nyuma hatua chache ili wabaki wawili. Sikusikia alichosema. Alisema muda mrefu, kwa Kinande cha nyumbani, sauti ndogo ikitoka chini pale, na upepo. Kisha ikanyamaza. Nilipokwenda kuiokota, inite zangu za mtandao zilikuwa zimekwisha, simu imekatika.

Nikang'oa majani yaliyokuwa yameota pembeni, nikashuka.